Tulificha kila kitu cha mtoto kwenye video ya michango, bado baba yake akamjua

Wakuu, nawasalimu wote, wa Babati na wa kwingine.

Mimi humu ni msomaji tu. Nyuzi zenu huwa nazisoma nikiwa nakula chips, nacheka, naondoka bila hata kulike. Leo naandika ya kwangu. Sina faida ya kudanganya, maana kwenye kisa hiki sijatokea shujaa hata kidogo. Majina yote nimebadilisha na vitu viwili vitatu nimevisogeza makusudi, ila hofu sijaitia chumvi. Ilikuwa hivyo hivyo.

Nafanya kazi kwenye shirika dogo linalosaidia watoto hapa Babati mjini. Ofisi iko Bagara. Mimi sio mwenyeji, nililetwa na kazi, nikapanga chumba, nikazoea vumbi na upepo, nikaoa, nikabaki.

Kazi yangu ina pande mbili.

Upande wa kwanza ni content ya fundraising. Picha, video, stori fupi za kuwagusa watu wachangie.

Upande wa pili ni training ya wafanyakazi wenzangu, hasa wale wanaoshinda mitaani kutembelea familia. Nawafundisha jinsi ya kumpiga picha mtoto bila kumuweka hatarini.

Hizi kazi mbili zinagombana kila siku. Mchangiaji anataka amuone mtoto, ikiwezekana analia, ikiwezekana baadaye anacheka. Mafunzo yanasema mfiche. Asubuhi nahubiri kuficha, mchana naombwa picha yenye hisia.

Mnielewe pia kwamba mimi kwa asili ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango nageuka kuusukuma tena. Gesi naikagua, halafu nikiwa kitandani namuuliza mke wangu kama niliikagua. Ofisini walinipa jina, Mzee wa Blur, kwa sababu kila picha wakinionesha nasema ficha hapa, ficha na pale.

Na nilikuwa najivunia hilo jina, siwadanganyi.

Masharti yangu kila mfanyakazi aliyajua. Sura isionekane. Jina la mtoto libadilishwe. Sare ya shule marufuku. Kibao cha duka, mlima Kwaraa kwa nyuma, pikipiki yenye namba, vyote nje ya fremu. Mtu akikosea namrudisha akapige upya, hata kama ametoka Sigino na jua lote lile.

Sasa twende kwenye kisa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefika Babati na binti yake wa miaka kama tisa hivi. Walitoka mkoa mwingine, wakashuka stendi na mfuko mmoja wa salfeti. Afisa ustawi wa jamii ndiye aliyetuletea.

Binti alikuwa na kovu la kuungua begani. Alimwagiwa chai ya moto na baba yake mzazi, kisa alichelewa kuileta.

Mama alimchukua mwanae siku baba alipokwenda msibani, wakaondoka na nguo walizovaa na mfuko ule mmoja tu. Yule bwana alishamwambia zamani, wewe ondoka, lakini mtoto nitamfuata popote na nikimpata hutamuona tena. Mama aliyasema hayo kwa sauti ya chini sana, kama vile mumewe yuko chumba cha pili.

Kwenye uzi huu binti nitamwita Eliwaza. Sio jina lake, ila jina lake halisi ni la nadra vile vile, alirithi kwa bibi yake. Ukilisikia mara moja hulisahau.

Tukawatafutia chumba Singe. Mtoto akaanza shule ya jirani. Mama akaanza kukaanga maandazi barabarani, na maandazi yake ni matamu, mimi mwenyewe nilikuwa mteja. Jirani zake wote wakamjua kama Mama Eliwaza. Si mnajua huku kwetu, mwanamke mwenye mtoto ukimwita kwa jina lake mwenyewe watu wanakushangaa umelelewa wapi.

Ulipofika wakati wa kampeni ya kuchangisha kwa ajili ya watoto waliokimbia ukatili nyumbani, tukamuomba tutumie kisa chao. Alifikiri siku kadhaa. Kisha akakubali, kwa sharti moja.

"Mwanangu asijulikane, baba. Akijulikana nimekwisha."

Nikamwambia mama, hiyo ndiyo kazi yangu. Nilisema kwa kujiamini kabisa.

Kurekodi tulikwenda wawili, mimi na Paskalina. Paskalina ni dada wa kutembelea familia, mzaliwa wa Dareda, binti wa watu wa kanisani, heshima imemjaa mpaka anawaamkia watoto wa bosi. Ndiye aliyekuwa anamtembelea mama huyu tangu mwanzo, wamezoeana.

Kamera nilishika mwenyewe. Nikampiga mtoto mgongo tu, amejifunika khanga begani. Mama nikampiga mikono, anakanda unga. Ukuta tukauziba kwa shuka. Kwenye maelezo mtoto tukamwita Furaha. Sauti ya mama hatukutumia, mtu mwingine alisimulia badala yake.

Nilipohariri nikaona video inaanza ghafla mno. Nikachukua kipande kidogo cha Paskalina akiingia uani, anasikika akibisha hodi na kusalimia, mikono ya mama inaonekana kwenye beseni. Kikapendeza. Kilikuwa na uhai wa nyumbani.

Video ile tuliiangalia ofisini wote, ukutani, na spika. Mkurugenzi wetu, ambaye ni mama mtu mzima mkali kwenye mambo ya watoto, aliipitisha. Mfadhili naye aliipitisha, maandishi ya Kiingereza chini yalisema tu habari za asubuhi, mama.

Nikaenda nayo hadi Singe kwa mama mwenyewe, akaitazama kwenye laptop yangu, akatabasamu, akasema haya baba, hapa hatujulikani.

Ikapanda kwenye page yetu.

Wakuu, ilitembea. Watu walishare, michango ikaingia kuliko kampeni zote za nyuma, mkurugenzi akanunua soda ofisi nzima. Mimi nikawa natembea kifua mbele.

Mchana mmoja wa wiki ile ile nimekaa mezani, najibu ujumbe wa page. Wengi ni wa kusema Mungu awabariki, au wanaomba ajira. Nikafungua mmoja wa akaunti isiyo na picha.

Umeandikwa hivi: "Mwambieni Mama Eliwaza nimemsikia."

Basi. Hakuna kingine.

Niliusoma tena nikidhani nimeona vibaya. Jina la mtoto, lile la nadra, limekaa pale kwenye kioo changu, limeandikwa na mtu nisiyemjua.

Nikafungua video. Maelezo yanasema Furaha. Nikaangalia picha moja moja. Mgongo, khanga, beseni, shuka. Hakuna mlima, hakuna kibao, hakuna sare. Nikarudia tena na tena, natafuta kosa kwa macho, na sauti nilikuwa nimezima kwa sababu chumba cha pili kulikuwa na kikao.

Macho hayakuona kitu.

Ndipo nikasoma ujumbe upya. Hakusema nimemuona. Amesema nimemsikia.

Nikachomeka earphone. Nikaongeza sauti mpaka mwisho.

Mwanzo kabisa wa video, sauti ya Paskalina, safi, yenye adabu zote: "Hodi! Shikamoo Mama Eliwaza."

Na sauti ya mama: "Marahaba, karibu mwanangu."

Wakuu, nilikaa pale nimekodoa macho. Jina la mtoto tulilificha kila mahali, halafu tukalitangaza kwa kumheshimu mama yake. Na sauti ya mama mwenyewe ikaitikia.

Ofisi nzima tuliisikia ile salamu. Mkurugenzi aliisikia. Mama aliisikia nyumbani kwake akiwa ameketi mbele yangu. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu masikio yetu hayahesabu hilo kuwa ni jina la mtoto. Ni heshima ya mama. Tumelizoea tangu tunazaliwa.

Ila yule bwana alikuwa anasikiliza kwa sikio jingine.

Nikafuta video. Nilikosea password mara sijui ngapi. Nikijua wazi kwamba nafuta ya kwetu tu, na watu walishaipakua na kuirusha kwenye magroup.

Kabla sijainuka, ujumbe mwingine ukaingia.

"Nipo stendi ya Babati. Ofisi yenu ni upande gani?"

Hapa sasa hofu ilinishika kisawasawa. Page yetu inaonesha tuko Babati, hilo halikuwa siri hata siku moja. Mji wenyewe huu sio mkubwa. Mtu akisimama stendi akauliza Mama Eliwaza anayeuza maandazi, ndani ya dakika chache ataelekezwa, tena na watu wema, tena atasindikizwa.

Nikamwambia mkurugenzi kwa maneno yasiyozidi kumi. Alisimama mpaka kiti kikaanguka. Akachukua simu kupiga dawati la jinsia na watoto polisi, akamtuma Paskalina kwa mama barabarani, mimi akaniambia, "Mtoto! Kimbia shuleni!"

Nikapanda bodaboda. Njia nzima namwambia dereva ongeza, ananijibu bro unataka tufe. Nilikuwa nasali kwa sauti, sijui alinionaje.

Nafika shuleni, watoto wameshatoka. Walimu walikuwa na kikao, wakawaruhusu mapema.

Mwalimu wa zamu akaniambia Eliwaza ameondoka sasa hivi na wenzake, wamepita njia ya mashambani.

Wanaoijua Singe wanaelewa nasema nini. Ulikuwa msimu wa mahindi yamepita kichwa cha mtu mzima. Njia ni nyembamba, kushoto mahindi, kulia mahindi. Mtu akivutwa humo ndani hata aliye mbele yake hajui.

Nikaingia njia ile nakimbia. Mbele nikaanza kukuta watoto, vikundi vikundi, wote sare moja, wote vichwa vimenyolewa, wote mabegi ya mgongoni.

Nikafungua mdomo nimuite.

Nikaufunga.

Ningemuitaje? Njiani kulikuwa na wanaume. Mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia. Wawili wamekaa kwenye jiwe wanaongea. Mwingine amesimama kwenye kibanda cha vocha, ananywa soda, ana begi dogo la safari miguuni. Sura ya yule baba sijawahi kuiona maishani. Anaweza kuwa yeyote kati yao. Mimi nikipaza sauti nikasema Eliwaza, nitakuwa nimemuoneshea kidole mtoto anayemtafuta.

Na nikinyamaza, nitampata vipi?

Nikawa naruka kutoka mtoto hadi mtoto, nainama, nachungulia nyuso za mabinti wadogo bila kusema kitu. Fikirini mnavyoniona. Mwanaume mzima, anahema, jasho linamtoka, anakagua watoto wa kike njiani mmoja mmoja.

Mama mmoja aliyekuwa anapalilia akatoka na jembe lake mkononi. "Wewe kaka, unamtaka mtoto gani? Wa nini?"

Nikiwa nababaika akaanza kuwaita wenzake. Yule wa soda kibandani naye akageuka kututazama.

Nikasogea karibu na yule mama, nikamnong'oneza, mama nakuomba, natoka shirika la watoto, kuna mtoto yuko hatarini, siwezi kutaja jina hapa. Akanitazama kama anatazama mwizi wa kuku.

Hapo hapo, nyuma ya migongo yetu, katoto kamoja kakapaza sauti kwa nguvu zake zote, "Eliwazaaa! Subiri umesahau daftari!"

Niligeukia kule sauti iliko. Na nikaona yule wa soda naye amegeukia kule kule.

Sijui kama ndiye. Mpaka leo sijui. Labda aligeuka kwa sababu mtu yeyote akisikia kelele anageuka. Lakini aliinama akaokota begi lake.

Wakuu, sikumbuki nilivyopita wale watoto. Nakumbuka nimemfikia Eliwaza anacheka na daftari lake mkononi, nikamnyanyua juu juu kama mzigo, akapiga kelele, yule mama wa jembe naye akapiga kelele, watu wakaanza kunikimbilia.

Kilichoniokoa ni mtoto mwenyewe. Aliponiangalia usoni akasema, "Ni anko wa maandazi."

Hao ndio watu wa Singe, nawaheshimu. Hawakuniachia hivi hivi. Walitusindikiza, yule mama na jembe lake begani, mpaka barabara kubwa, na hakuniamini mpaka alipomuona Paskalina amekuja na mama wa mtoto na askari wa kike wa dawati.

Nilipoangalia nyuma, kibandani hapakuwa na mtu. Chupa ya soda ilikuwa juu ya meza, haijaisha.

Kituoni polisi walitusikiliza vizuri, wakaenda stendi, wakauliza uliza. Hawakumpata. Ile akaunti ikafutwa jioni hiyo hiyo. Inawezekana alikuwa Babati kweli. Inawezekana alikuwa kwao amekaa kwenye kochi, anatutisha tu. Hakuna anayejua, na kutojua huko ndiko kunakonitesa.

Pale kituoni ikabidi nimsikilizishe mama ile salamu, maana aliuliza imekuwaje. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane.

Alisikiliza. Akaomba nirudie. Kisha akasema taratibu, "Na mimi nikaitikia."

Alisema hivyo tu. Paskalina alilia mpaka askari akamletea maji. Anarudia, nilikuwa namsalimia tu, nilikuwa namsalimia tu.

Uamuzi ukawa wahame. Ustawi wa jamii wakapanga sehemu, mkoa tofauti, siri yao. Mama akauza beseni na jiko la mkaa kwa jirani. Majirani waliambiwa anarudi kwao.

Siku ya kuondoka walikaa kwetu ofisini wakisubiri gari la ustawi. Afisa akamwambia mtoto, huko mnakokwenda utatumia jina jingine, chagua unalolipenda. Akachagua lile la rafiki yake wa shule, silitaji.

Afisa akatuambia tumzoeshe mama kabla hajafika, asije akajisahau mbele za watu. Mama alikuwa ametupa mgongo, anafunga mfuko wake. Paskalina akajikaza, akamwamkia kwa jina jipya. Shikamoo Mama fulani.

Hakugeuka.

Akarudia, kwa sauti zaidi. Mama anaendelea na mfuko wake, anafunga fundo.

Mtoto akamsogelea, akamvuta kitenge. "Mama. Ni wewe unaitwa."

Mkurugenzi alitoka nje. Na mimi nikatoka.

Sijaacha kazi. Niliandika barua ya kuacha, mkurugenzi akaichana, akasema kama unaogopa hivyo ndiyo vizuri, kafundishe. Sasa kwenye training yangu kamera haitolewi kwenye begi mpaka wafanyakazi wamekubaliana na mzazi ataitwa nani siku hiyo, na tunafanya mazoezi ya kusalimiana kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Wageni wakija wanacheka. Paskalina hacheki, ndiye anayesimamia hilo zoezi. Na kila video inasikilizwa mara moja macho yakiwa yamefumbwa.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naogopa vitu visivyo na madhara, milango na gesi na milima, na kile cha kuogopa kilipita masikioni mwangu kimevaa adabu. Sisi tunamtaja mtoto kila tunapomheshimu mama yake. Ni desturi nzuri na siombi tuiache. Ila kamera ikiwaka, ni anwani.

Nyie wenye page za shule, za kwaya, za vituo vya watoto, hata nyie mnaoposti watoto wenu tu, fanyeni kitu kimoja leo. Fungueni video ya mwisho mliyoweka, msitazame, sikilizeni mnavyoamkiana humo. Halafu rudini hapa mniambie mmesikia nini.

Wa kunikosoa nikosoeni, nipo, nasoma komenti zote.

Ila atakayeuliza walihamia wapi, mimi sijui. Niliomba nisiambiwe.